Anza na bomba unalolijua: mwongozo wa kujifunza programu kwa mwanafunzi wa uhandisi mitambo

Kila msimu wa fildi tunapokea wanafunzi wawili watatu kiwandani, na kila msimu swali ni lilelile. Mwaka huu aliyeuliza ni kijana wa mwaka wa pili, tukiwa tumeinamia pampu iliyofunguliwa, mikono imejaa grisi. "Kaka, nataka kujifunza programu. Nianze na lugha gani?" Nikamwambia kesho aniletee daftari lake la mekanika ya vimiminika la semista iliyopita. Akadhani sijamsikia.

Nilimsikia vizuri. Mimi mwenyewe nilianza programu mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kozi ya lugha ya C ya mwaka wa kwanza, tuliyofanyia mtihani kwa kalamu na karatasi. Nilikariri desa lote, nukta-mkato kwa nukta-mkato, nikafaulu, na wiki mbili baadaye sikuweza kuandika hata programu ya kujumlisha namba kumi. Mara ya pili nilifuata masomo ya video, tukawa tunatengeneza duka la mtandaoni la kuuza viatu. Nilifika somo la saba nikalala. Mara ya tatu nilikuwa na bomba la kukokotoa, muda umebana, na chati ya Moody, ile ya kusomea msuguano wa bomba, iliyofotokopiwa hadi mistari imeungana. Hapo ndipo nilipojifunza.

Tofauti ilikuwa hii: swali nilikuwa nalijua. Kwa hiyo programu ilipokosea niliona, kwa sababu namba ilikuwa haina maana kwenye bomba halisi. Mwanafunzi wa uhandisi mitambo ana daftari zima la maswali ambayo majibu yake yapo kwenye ukurasa unaofuata. Hiyo ndiyo silaha yako, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake.

Lugha

Python. Ni ya bure, ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, na kwa kazi zetu ina vifurushi vitatu utakavyovitumia miaka yote: NumPy kwa orodha ndefu za namba na matriki, SciPy kwa kutatua milinganyo, Matplotlib kwa kuchora grafu. Chuo chako kikifundisha kwa MATLAB na huna leseni, pakua GNU Octave. Ni ya bure pia, na sehemu kubwa ya kodi ya MATLAB inakubali humo bila kuguswa. (Kodi ninayoisema hapa ni maandishi ya programu, si ya mwenye nyumba.) C itakuja yenyewe ukifika kwenye Arduino, bodi ndogo ya kompyuta ya kusomea sensa. Fortran, iliyotoka IBM mwaka 1957, bado inapiga kazi ndani ya programu nyingi za kukokotoa mtiririko wa hewa na maji, lakini iache hadi utakapoihitaji.

Usipoteze mwezi ukilinganisha lugha. Lupu, yaani amri ya kurudia kazi, ni lupu.

Vifaa, bando na umeme

Kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 4 inatosha kwa kila kitu kilichomo humu. Weka Thonny, programu ndogo iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, mahususi kwa wanaoanza. Inakuja na Python yake ndani, kwa hiyo unapakua mara moja halafu unafanya kazi bila intaneti. Ina dirisha linaloonyesha kila jina limebeba namba gani kwa wakati huo, na inaweza kutembea kwenye kodi mstari mmoja mmoja ukiangalia. Wenzangu wenye uzoefu huiona ya kitoto. Mimi bado ninayo.

Kama kompyuta huna, Pydroid 3 inaendesha Python kwenye simu ya Android. Kuandika mabano kwa kidole gumba kunachosha, lakini nimemwona mtu akimaliza hatua tatu za kwanza za mwongozo huu ndani ya daladala. Google Colab ni nzuri, hesabu zinafanyika kwenye kompyuta za Google na wewe unahitaji kivinjari tu, ila inakula bando na mtandao ukikata umekaa. Bumu likitoka, nunua flashi. Kila jioni nakili folda yako humo. Umeme ukikatika katikati ya kazi isiyohifadhiwa, hakuna wa kumlaumu.

Hatua ya kwanza: kikokotoo

Wiki ya kwanza usiandike programu yoyote ya maana. Fungua Thonny, nenda kwenye dirisha la chini, tumia Python kama kikokotoo cha mkononi. Chukua maswali matano uliyokwisha kuyafanya: eneo la shafti, mkazo kwenye boliti, nguvu ya mota. Yafanye tena hapo. Lengo ni uumwe mapema na mambo matatu ambayo humuuma kila mtu.

La kwanza ni kipeo. Kumi kwa kipeo cha mbili huandikwa 10**2. Ukiandika 10^2 kama ulivyozoea kwenye Excel, Python haitalalamika, itakupa 8. Alama hiyo kwake ina kazi nyingine kabisa kwenye tarakimu za 0 na 1. Fikiria kipenyo chako kimeingia humo.

La pili ni pembe. Andika kwanza import math. math.sin(30) inakupa -0.988, kwa sababu inasoma radiani. Andika math.sin(math.radians(30)).

Na jibu la huo mstari wa mwisho si 0.5. Ni 0.49999999999999994. Hilo ndilo la tatu. Kompyuta inahifadhi namba kwa nafasi chache za mfumo wa mbili, kwa hiyo hata 0.1 + 0.2 inatoka 0.30000000000000004. Kwa uhandisi haina madhara, mradi usiiulize kompyuta kama namba mbili za desimali ni sawasawa kabisa. Uliza kama tofauti yao ni ndogo kuliko kiasi unachokubali, kama vile unavyofanya karakana: hakuna shafti ya milimita 25 kamili, kuna ya 25 na uvumilivu wake.

Hatua ya pili: bomba

Sasa daftari. Swali tulilochukua kwa yule kijana lilikuwa hivi: maji yanapandishwa kutoka kisimani hadi simtanki iliyo juu ya mnara, bomba la chuma lililopakwa zinki, kipenyo cha ndani milimita 50, urefu wa bomba mita 120, mtiririko lita 2.5 kwa sekunde. Msuguano unakula mita ngapi za kimo cha kusukuma maji?

Ugumu wake unaujua. Namba ya msuguano, f, inapatikana kwa mlinganyo wa Colebrook wa mwaka 1939, na katika mlinganyo huo f iko pande zote mbili. Huwezi kuitoa upande mmoja. Ndiyo maana Moody alichora chati yake mwaka 1944, watu wasome kwa jicho. Njia nyingine ni kukisia f, kuiweka upande wa kulia, kupata f mpya, kuirudisha tena, mpaka itulie. Kwa mkono ni kazi ya kuchosha. Kwa lupu ni mistari minne.

Kabla hujagusa kibodi, andika hatua kwa Kiswahili kwenye karatasi. Hili watu huliruka, na ndilo linalotenganisha anayejifunza na anayenakili. Karatasi ya kijana ilisomeka: badili lita kuwa mita za ujazo, tafuta eneo, tafuta kasi, tafuta namba ya Reynolds, kisia f kuwa 0.02, rudia mara sita kutafuta f mpya, tafuta upotevu. Kila sentensi iligeuka mstari mmoja au miwili:

import math

Q = 2.5 / 1000      # lita kwa sekunde, sasa m3/s
D = 0.050           # kipenyo cha ndani, m
L = 120             # urefu, m
e = 0.00015         # mparuzo wa ukuta wa bomba, m
rho = 997           # densiti ya maji, kg/m3
mu = 0.00089        # mnato, Pa.s

A = math.pi * D**2 / 4
v = Q / A
Re = rho * v * D / mu

f = 0.02
for i in range(6):
    ndani = e / (3.7 * D) + 2.51 / (Re * math.sqrt(f))
    f = 1 / (-2 * math.log10(ndani))**2
    print(i, round(f, 5))

h = f * (L / D) * v**2 / (2 * 9.81)
print("kasi", round(v, 2), "upotevu", round(h, 2))

Mistari iliyosogezwa kulia chini ya for ndiyo inayorudiwa. Nafasi nne, siku zote. Kinachofuata alama ya reli ni maelezo kwa binadamu, Python haikisomi. Ona pia kwamba kila kipimo kina kizio chake pembeni. Kompyuta haijui milimita wala mita, inajua namba tu.

Ukiendesha utaona f ikitulia mbele ya macho yako: 0.02825, kisha 0.02794, kisha 0.02795, na hapo haitikisiki tena. Mara tatu tu. Kasi ni mita 1.27 kwa sekunde, upotevu mita 5.54. Sasa badala ya kukisia 0.02 anza na 0.5, au na 0.001. Jaribu mwenyewe uone inafika wapi.

Halafu fanya kosa nililofanya mimi. Badili log10 iwe log. Katika Python, log peke yake ni logi ya asili, ile unayoiandika ln. Programu itaendesha bila neno, f itatulia vizuri kwenye 0.00563, na upotevu utatoka mita 1.12. Hakuna maandishi mekundu, hakuna onyo. Mimi niliiweka namba ya namna hiyo kwenye ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho, tena nikaichorea grafu ya rangi. Mwalimu wangu aliitazama kidogo akaniuliza, "Bomba hili umelipaka mafuta ndani?" Yeye hakuwa ameiona kodi. Alijua tu kwamba bomba la zinki halina msuguano mdogo namna hiyo.

Kwa hiyo kila programu mpya ithibitishwe kwa swali lenye jibu. Chukua mfano mmoja wa kitabuni, weka namba zake, linganisha. Ikipishana kwa desimali ya tatu, sawa, huenda kitabu kilisoma chati. Ikipishana mara mbili au mara tano, usiendelee.

Hatua ya tatu: uliza swali ambalo mkono usingeuliza

Hadi hapo umefanya kwa kompyuta kile ambacho ungeweza kufanya kwa kalamu. Sasa zungushia kazi yote ndani ya fankisheni. Fankisheni ni kama mashine ya kusaga: juu unatia mahindi, chini unakinga unga, na huna haja ya kuifungua kila unaposaga. Unaiandika def upotevu(D): juu, unasogeza ndani kuanzia mstari wa A hadi wa h, unaifuta mistari yote miwili ya print, wa kwenye lupu na wa mwisho, na chini kabisa unaandika return h. Vipimo vingine vinabaki juu, nje yake. Kisha:

for D in [0.040, 0.050, 0.063]:
    print(D, round(upotevu(D), 1))

Majibu: bomba la milimita 40 linapoteza mita 17.6. La 50, mita 5.5. La 63, mita 1.7.

Kijana alinyamaza kwenye hiyo skrini kwa muda. Kutoka usawa wa maji kisimani hadi simtanki ni mita 9 kwenda juu. Ukinunua bomba la 40 kwa sababu ni rahisi dukani, pampu yako itasukuma mita 26.6, na karibu theluthi mbili ya hizo ni msuguano mtupu unaoulipia umeme kila siku. Darasani alifundishwa kwamba upotevu unakaribia kufuata kipenyo kwa kipeo cha tano kinyume. Aliiandika, akaifanyia mtihani, akaisahau. Safari hii aliiona.

Endelea mwenyewe: ongeza kona na valvu, ongeza bei ya bomba kwa mita, weka mtiririko tofauti, chora grafu kwa Matplotlib. Hapa ndipo pa kukaa wiki mbili tatu, usiharakishe. Chukua na masomo mengine: momenti ya kupinda kwenye boriti, uwiano wa gia, mzunguko wa Rankine. Kwa thamodinamiki weka CoolProp, kifurushi cha bure chenye sifa za mvuke na gesi za majokofu. Unaiuliza entalpi kwa presha na joto fulani, inakujibu, na jedwali la mvuke unalifunga. (Lisome kwanza mara moja kwa mkono, ili ujue jibu linafananaje.)

Hatua ya nne: ndoo

Mambo mengi kwenye fani yetu hubadilika kadiri muda unavyokwenda: injini inapoa, gari linaongeza mwendo, tangi linaisha. Kwenye hesabu hizo ni milinganyo ya tofauti, na wengi tuliichukia. Kwenye kompyuta, njia ya Euler ni ya mtu mwenye subira tu: angalia hali ilivyo sasa, hesabu inabadilika kwa kasi gani, songa mbele kidogo, rudia.

Ndoo ya lita 20, kipenyo sentimita 28, maji yamefika sentimita 30, tundu la milimita 6 kwenye kitako. Itaisha baada ya muda gani?

import math

h = 0.30
A = math.pi * 0.28**2 / 4
a = math.pi * 0.006**2 / 4
C = 0.62            # namba ya mtoko wa tundu lenye ukingo mkali
dt = 1              # hatua ya muda, sekunde
t = 0

while h > 0:
    h = h - (C * a / A) * math.sqrt(2 * 9.81 * h) * dt
    t = t + dt

print(t / 60)

Jibu la hesabu za karatasi ni sekunde 869, yaani dakika 14 na nusu hivi. Programu yenye hatua ya sekunde moja inapungukiwa sekunde chache tu. Sasa badili dt iwe 60. Inakuambia dakika 13. Umepoteza dakika moja na nusu kwa uvivu wa hatua, kwa sababu kwa dakika nzima programu ilidhani maji yanatoka kwa kasi ileile ya mwanzo wa dakika. Ukichapisha h ya mwisho utaona ni hasi. Ndoo ina maji pungufu ya sifuri! Ukiiondoa while na kuweka for ya mara 20, itagoma na kukuandikia ValueError: umeiomba kipeuo cha pili cha namba hasi.

Kanuni ya kazi ni fupi. Gawa dt kwa mbili, endesha tena. Jibu likibadilika sana, gawa tena. Likitulia, umefika. Baadaye utaijua solve_ivp ya SciPy inayochagua hatua yenyewe, lakini ukianza nayo hutajua inakuficha nini.

Halafu toboa ndoo ya kweli. Sitanii. Pima kwa saa ya simu kutoka sentimita 30 hadi sentimita 5, usisubiri iishe, maana mwishoni maji huzunguka na kudondoka kwa mtindo ambao mlinganyo huu haujui. Kwa kipande hicho programu inasema sekunde 514.

Hatua ya tano: data za maabara

Mashine ya kuvuta vyuma inakupa faili la safu mbili, nguvu na mrefuko, mistari mia kadhaa. Wengi wetu tuliifungua kwenye Excel tukavuta panya hadi mkono ukauma. Jifunze loadtxt ya NumPy kusoma faili, kata sehemu iliyonyooka, pitisha mstari kwa polyfit, chora. Mchana mmoja unatosha, na kesho yake sampuli nyingine kumi zinakuchukua dakika moja.

Ila tahadhari na jibu. Chuma laini kina moduli ya Young, kipimo cha ukinzani wake wa kurefuka, ya gigapaskali 200 hivi. Ukipata 200,000 umechanganya vizio. Ukipata 40 au 60, kodi yako inaweza kuwa salama kabisa: kama mrefuko ulisomwa kwenye mwendo wa kichwa cha mashine na si kwenye sampuli yenyewe, umepima pia kujikunja kwa mashine na kuteleza kwa vishikio. Hilo Python haiwezi kukuambia. Liandike kwenye ripoti yako, ni alama za bure.

Hatua ya sita: Arduino, na C inarudi

Ukiwa umeshaelewa lupu na fankisheni, C haitakutisha tena. Bodi ya Arduino Uno R3, sensa ya joto ya DS18B20, rezista moja ya kiloomu 4.7, waya. Sensa ifunge kwa klipu kwenye kasha la beringi ya pampu, soma joto kila sekunde, andika kwenye faili. Hapo tayari una mradi ambao fundi wa zamu ataufurahia.

Uno R3 ina kumbukumbu ya kilobaiti 2 tu, kwa hiyo usihifadhi masomo ya siku nzima ndani yake, yatume nje. Na chunga aina za namba. Kwenye Uno R3, namba iliyotangazwa int mwisho wake ni 32,767. Muda wa millis, saa ya ndani ya bodi, unahesabiwa kwa milisekunde. Ukiuweka kwenye int, saa yako itakwenda vizuri kwa sekunde 32 na ushee, kisha ghafla itakuwa hasi. Utahangaika na waya usiku kucha wakati kosa liko kwenye neno moja. Andika unsigned long.

Usijione mjinga. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iligeuka na kusambaratika sekunde kama 40 baada ya kuruka, kwa sababu programu ya uongozaji ilijaribu kuingiza namba kubwa ya desimali kwenye nafasi ya biti 16. Nafasi ileile ya int yako. Kodi hiyo ilirithiwa kutoka Ariane 4, roketi ambayo haikuwahi kufikia kasi hiyo ya ulalo mapema namna ile.

Maandishi mekundu

Yatakuja kila siku. Soma mstari wa mwisho kwanza, ndio unaotaja kosa, kisha tafuta namba ya mstari juu yake. NameError: umetaja jina ambalo hujalitengeneza, mara nyingi umeandika re mahali pa Re. IndentationError: nafasi zako za kushoto hazilingani. ZeroDivisionError: kuna kipimo umesahau kukijaza. Kosa likiwa kwenye mstari unaoonekana mzima, tazama uliotangulia, huenda bano halikufungwa. Na ukikwama zaidi ya nusu saa, weka print katikati, uone namba inaharibikia wapi. Ni kama kufuatilia maji: unafungua kona moja moja toka kwenye pampu hadi uone yalipokomea.

Kuhusu akili mnemba: itumie, mimi naitumia. Lakini baada ya karatasi yako ya Kiswahili, siyo kabla. Ibandikie kosa ikueleze, usiombe ikufanyie kazi nzima. Ikikuandikia Colebrook, angalia log ni ipi, angalia kipenyo kiko kwenye milimita au mita, angalia f ni ya Darcy au ya Fanning, ambazo zinapishana mara nne. Swali hilo la mwisho watu wazima na kompyuta zao wamelikosea.

Muda

Dakika 40 kila siku zinashinda Jumamosi nzima. Kwa mwendo huo, hatua nne za kwanza ni wiki nane hadi kumi, na kipindi cha mitihani simama bila kujilaumu. Piga msuli na mwenzako mmoja mwenye kiwango chako. Akuulize kila mstari unafanya nini, nawe umuulize. Mahali utakaposema "hapo iache tu, inafanya kazi" ndipo pa kurudi.

Yule kijana alimaliza fildi mwezi uliopita. Jumapili moja alinitumia picha ya ndoo ya rangi imewekwa juu ya matofali mawili, na ujumbe: "Kaka, programu yako imekosea. Imesema 514, mimi nimepata dakika tisa na nusu, nimerudia mara tatu." Nikamuuliza tundu alilitoboaje. Kwa msumari uliochomwa moto. Nikamwambia Jumatatu aazime vernia apime tena, huenda plastiki iliyeyuka ikarudi ndani. Ilikuwa milimita 5.7, siyo 6. Akaiingiza. Ikatoka 570.